Karani Aliyeosha Ubao

Alikozaliwa mtu huyu sitakueleza, wala baba yake alikuwa nani, kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza. Watu wa Kaloleni, mtaa wetu wa Arusha, walimuuliza jambo moja tu, na walimuuliza kila alipopita: mafuta ya taa yamefika wapi, na nani ameyapandisha. Alikuwa Karani wa Bei. Serikali ilimpa baiskeli, mkebe wa chaki, na kazi ya kuzunguka maduka yote ya mji kuandika kwenye ubao wa kila duka bei ambayo mwenye duka hakuruhusiwa kuizidi. Sukari, chumvi, kitambaa cha amerikani, mafuta ya taa. Sukari na chumvi zilikuwa na adabu. Mafuta ya taa, tangu mfereji wa Misri ulipofungwa, yalipanda kama yana ahadi na mtu kileleni mwa Meru.

Sisi wanafunzi tulimwita Nabii wa Hasara. Jina hilo nililitunga mimi, na nililionea fahari kuliko cheti chochote nilichowahi kupewa shuleni.

Alikuwa mrefu, mwenye masikio makubwa yaliyotangulia kufika kabla yake. Alivaa kaptula ya kaki iliyopigwa pasi mpaka ungeweza kukatia mkate, na soksi ndefu mpaka magotini. Baiskeli yake hatukumwona akiipanda hata siku moja. Aliisukuma mlimani, akaisukuma mteremkoni, akaisukuma tambarare. Baba Zuhura, fundi baiskeli jirani yetu, alikula kiapo kwamba kile chombo kilikuwa kizima kabisa, ni mwenyewe tu hajui kuendesha na anaona haya kuirudisha. Mimi nilieneza habari kwamba anaogopa akipanda, bei itapanda naye. Watu walicheka. Siku zile walikuwa bado wanacheka.

Mwandiko wake ulikuwa mzuri kupita wa mwalimu wetu. Tarakimu zilisimama wima kama askari kwenye gwaride la siku ya kuzaliwa Malkia, na chini ya kila bei alivuta mstari mmoja mwembamba. Niliujifunza mwandiko ule. Mimi naweza kuiga mkono wa mtu yeyote. Sahihi ya mwalimu mkuu naiandika vizuri kuliko anavyoiandika mwenyewe, na kuna ruhusa za ugonjwa shuleni kwetu ambazo yeye hadi leo anaamini alizitoa. Wa Karani ulinichukua wiki mbili.

Namna yake ya kufanya kazi ilikuwa ya peke yake, na haikuandikwa kwenye kanuni yoyote. Barua ikija kutoka kwa wakubwa kwamba mafuta yameongezeka, makarani wa miji mingine, nasikia, waliandika bei mpya siku hiyo hiyo. Huyu hapana. Alikuja dukani na kipande cha mwanzi alichokitia alama kwa kisu, akaomba pipa lifunguliwe, akautumbukiza mwanzi mpaka chini, akautoa, akautazama. Kama mafuta bado yapo mengi, alifunga mkebe wake na kuondoka. Mwenye duka wa kona, ambaye ndiye aliyetuuzia sisi wa Kaloleni wote, alikuwa akimfuata mpaka barabarani akilalamika kwamba wenzake wa Moshi tayari wanauza kwa bei mpya, yeye anafilisika. Karani alimjibu bila kugeuka:

"Mafuta haya yalipanda treni Tanga kabla ya ugomvi. Hayajui habari za mfereji. Kwa nini uyatoze?"

Na lile lilikuwa nusu tu. Nusu ya pili ndiyo iliyokuwa siri ya mji mzima. Mwanzi ukionyesha kwamba pipa linakaribia mwisho, Karani aliomba maji na kitambaa, akauosha ubao, akauacha mtupu mpaka kesho yake asubuhi. Hakusema neno. Kusema bei mpya kabla ya siku yake lilikuwa kosa, angefukuzwa kazi. Lakini kuosha ubao si kosa, ubao huchafuka. Basi mtu wa kwanza kuuona ubao mtupu alirudi nyumbani akachukua chupa, na akapitia kwa jirani, na jirani kwa jirani, na kabla duka halijafungwa jioni ile nusu ya Kaloleni ilikuwa imejaza chupa zake kwa bei ya zamani. Ilikuwa siku moja ya nafuu. Mama Zuhura, mke wa yule fundi baiskeli, alipika vitumbua kabla ya alfajiri, na bila taa hakuna vitumbua. Aliwahi kumwambia mama yangu kwamba ubao mtupu ndiyo barua pekee kutoka serikalini ambayo anaweza kuisoma.

Lakini usidhani watu walimpenda. Hapo ndipo penye uchungu wa mtu huyu. Siku ya ubao mtupu walimshukuru Mungu, na siku ya chaki walimlaani yeye. Wanawake walivuta watoto ndani akipita. Mzee mmoja alikuwa akitema mate kila aliposikia mnyororo wa ile baiskeli. Naye hakujitetea. Ungemuuliza mwenye duka nani amepandisha mafuta, angekwambia ni tajiri wa Moshi anayemuuzia. Tajiri wa Moshi alisema ni kampuni. Ofisini kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, wakalimani walisema ni Dar es Salaam, na Dar es Salaam walisema ni London, na London, tuliambiwa, walisema ni mfereji. Mfereji upo Misri na hauna mdomo. Katika mstari mrefu wote ule, kuanzia kona yetu mpaka kwa Malkia, mtu mmoja tu ndiye aliyejibu tofauti. Ukimuuliza Karani wa Bei, alisimamisha baiskeli, akakutazama usoni, akasema:

"Nimeandika mimi. Sema na mimi."

Na watu walisema naye kweli. Nilishawahi kumwona amesimama juani karibu saa nzima, mwanamke wa mtaa wa Levolosi anamfokea kuhusu watoto wake wanaokula gizani, yeye ameshika usukani wa baiskeli kwa mikono miwili, anatikisa kichwa polepole, anasikiliza. Mwanamke alipochoka, Karani alimuaga vizuri, akavuka barabara, akaandika bei kwenye duka linalofuata.

Nyumbani kwake hakuwasha taa. Hili nalijua kwa sababu chumba chake kilikuwa nyuma ya nyumba ya shangazi yangu. Alikula chakula cha jioni jua likiwa bado lipo, akaosha sahani, akafunga mlango. Nilipomuuliza kwa utundu wangu kama ni ubahili au ni kuogopa bei yake mwenyewe, alinijibu kwamba macho yake ni ya mchana. Shangazi alisema mshahara wake mzima ulitosha kununua taa kumi. Hatukumwelewa. Mimi niliigiza mbele ya wenzangu jinsi anavyopapasa kitanda gizani, nikapigiwa makofi.

Alikuwa pia na ukali usiopendeza. Hakutoa upendeleo hata kwa mgonjwa. Mwenye duka akimkopesha mjane chupa moja zaidi ya kipimo, na mafuta ni haba, Karani alimwandikia kosa. Watoto waliochezea ubao wake aliwapeleka kwa wazazi wao kwa kuwashika masikio, labda kwa sababu yake mwenyewe yalikuwa yanatosha kushikwa na watu wawili. Alipenda serikali. Hilo nalo sikulielewa. Alisema barua ya serikali ni kitu cha heshima, hukunjwa mara mbili na kuwekwa mfuko wa kifuani, na mtumishi aliyeapa haisomi mbele za watu.

Sasa nieleze nilichofanya.

Mafuta yalikuwa yamepanda mara mbili, ikaja ya tatu. Shuleni tulikuwa tunachapwa kwa kutomaliza hesabu za nyumbani, na nusu ya darasa letu la nane haikuwa na kibatari kinachowaka. Alasiri moja, natoka shule, nikaona ubao wa duka la kona umeoshwa. Bado una majimaji. Hakuna mtu karibu. Mfukoni nina chaki ya shule, mimi sikosi chaki. Nikaandika, kwa mwandiko wa Karani, tarakimu zimesimama, mstari mwembamba chini:

*Mafuta ya taa, chupa moja: mbuzi mmoja.*

Nikaenda zangu kwa shangazi nikijicheka njia nzima.

Mwenye duka ndiye aliyeuona kwanza. Kiswahili chake cha kusoma hakikutosha kutambua kichekesho, akajua mkono ni wa Karani, akaona mambo ya serikali yamegeuka na bei ya kuuzia hana, akafunga mlango. Watu walikuwa wameshaambizana kwamba ubao ni mtupu. Wakaja na chupa zao wakakuta duka limefungwa mchana kweupe na ubao una maandishi. Mtu mmoja akawasomea. Wa kwanza kusikia alicheka. Wa pili hakucheka. Wa tatu aliuliza kama serikali sasa inawatukana waziwazi. Walikuja kuchukua siku yao moja ya nafuu, na siku yenyewe ilikuwa imefungiwa ndani.

Mlango ulivunjika. Sikuuona ukivunjika, niliusikia. Pipa liliviringika nje, likaangukia mtaroni, na mafuta yaliyobaki ya bei ya zamani yakaenda na maji machafu kuelekea chini. Wanawake walishuka mtaroni wakayachovya kwa khanga zao na kukamua kwenye masufuria. Mama Zuhura alikuwa mmoja wao. Nilisimama nikamtazama akikamua, na sikucheka tena, lakini sikusema pia.

Askari walipofika walinusa mikono ya wanaume. Huo ndio uliokuwa upelelezi wao. Kila mtu alinuka mafuta, basi wakachukua wanne walionuka zaidi, na aliyenuka kuliko wote alikuwa Baba Zuhura, ambaye mikono yake ilinuka mafuta ya taa tangu nilipomjua, maana alisafishia minyororo ya baiskeli. Alikuwa amekuja amechelewa. Mlango ulikuwa umeshavunjika alipofika.

Siku ya tatu Bwana Shauri aliitisha mkutano kwenye uwanja wa soko. Aliketi kwenye kiti alichokuja nacho, mkalimani kando yake, na ule ubao umeegemezwa kwenye meza kama mshtakiwa wa tano. Nilikuwa nyuma, kati ya shangazi na mama. Bwana Shauri aliuliza nani ameandika maneno yale. Akauliza mara ya pili. Naapa nilifungua mdomo. Ulifunguka tu, hakikutoka kitu.

Karani wa Bei akatoka kwenye mstari wa watumishi. Akautazama ubao kwa karibu, kwa muda mrefu, kama mwalimu anayesahihisha. Nadhani pale ndipo alipouona ule mstari wa chini; wangu ulikuwa mnene kidogo. Akageuka, na macho yake yakapita juu ya watu mpaka nyuma tulipokuwa sisi, yakapumzika, yakarudi.

"Mwandishi wa bei katika mji huu ni mimi," akasema.

Bwana Shauri akaandika. Bibi mmoja wa mlimani, Mmeru, aliyekuja kuuza ndizi, akainua mkono akauliza kwa Kiswahili chake cha shida: sawa, huyu ameandika mbuzi, lakini ile bei ya kweli, ya senti, ile ameiongeza nani? Mkalimani alitafsiri. Bwana Shauri alijibu kwamba mtumishi aliyewachokoza wananchi amepatikana na ataondolewa, na wavunjaji watahukumiwa, na kwamba shauri limekwisha. Bibi akakaa. Nilisikia baadaye kwamba taarifa iliyopelekwa Dar es Salaam ilisema fujo za Arusha zilisababishwa na dhihaka ya karani mmoja. Juu ya bei haikusema kitu. Asubuhi iliyofuata bei mpya iliandikwa na karani mwingine, kijana, mwandiko wake kama kuku amepita. Hakuwa na mwanzi. Ubao haukuoshwa tena.

Baba Zuhura na wenzake walifungwa miezi sita na kazi ngumu. Mfereji ukafunguliwa, bei haikusikia habari hiyo. Baba Zuhura alirudi kutoka kuvunja mawe na mkono wa kulia usiokunja vidole, jiwe lilimwangukia. Fundi wa mkono mmoja anaweza kujaza upepo, basi. Siku hizi hukaa mlangoni na kuwaelekeza watu kwa fundi mwingine, na Mama Zuhura ndiye anayelisha nyumba kwa vitumbua ambavyo taa yake inakula kabla ya wateja.

Karani alihama bila kuaga. Mwaka ukapita.

Nilimwona tena majuzi. Mafuta yaliposhindikana, wenye majiko ya mafuta walirudi kwenye mkaa, na mkaa nao ukaona umuhimu wake ukapanda. Shangazi akaamua kuufuata Oldonyo Sambu kwenyewe unakochomwa, kwa lori la viazi, na akanichukua nimbebee. Upande ule wa mlima ni mkavu, upepo unakupiga vumbi usoni bila kukuuliza. Kando ya barabara palikuwa na magunia, na nyuma ya magunia mtu mrefu amekaa juu ya gogo, masikio yale yale, kaptula haina pasi tena, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. Karani wa Bei alikuwa mchoma mkaa.

Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akamuuliza shangazi habari za nyumba moja moja mpaka akamaliza mtaa. Shangazi alipokwenda kuchagua gunia, nilibaki naye. Nilikuwa nimeyatayarisha maneno yangu kwa mwaka mzima, mazuri, yenye majuto na lugha ya kitabuni. Yakatoka matatu tu.

"Mzee, ilikuwa mimi."

"Najua. Nilikuwa nikikuona unavyonitazama nikiandika. Hakuna mtoto anayetazama mkono wa mtu hivyo kwa heri."

Nilianza kumshukuru kwa kunificha. Akanikata.

"Usijipe ukubwa. Sikukuficha wewe. Nilizoea kujibu, nikajibu. Nilifikiri nikisema mimi, watu watachoka kunipiga mimi wa chini, waanze kuuliza wa juu. Aliyeuliza alikuwa bibi mmoja wa ndizi, naye wakamkalisha."

Akachokonoa kucha kwa kijiti. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu anayezungumza na magunia, kwamba siku ile ya mkutano alikuwa na barua mfuko wa kifuani. Barua ya bei ya tatu. Ilieleza wazi kwamba nyongeza ile haikutoka Misri. Ilikuwa ushuru, uliopangwa na wakubwa wenyewe mezani kwao, na waliagiza usitajwe. Mtu akiuliza, aambiwe mfereji.

Nilimuuliza kwa nini hakuisoma.

"Niliapa," akasema. "Nikaona ni heshima kubeba lawama kimya. Ningeitoa ile karatasi nikaisoma, wale wanne wasingekuwa wahuni waliovunja duka. Wangekuwa watu walioibiwa. Lakini mimi nilisimama pale nikajiona mkubwa, nikawapa wenye bei mahali pa kujificha. Na niliowatunzia kiapo ndio walionifuta kazi."

"Barua iko wapi sasa?"

"Waliichukua na baiskeli."

Nikamwambia anisamehe. Alinitazama vile vile alivyomtazama yule mwanamke wa Levolosi, akisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi hunidai kitu, nami sikudai. Mkono uliovunjika, habari zake nimezipata, si wangu. Mke wa mwenye mkono umeshamwambia?"

Nikasema bado.

"Basi unafanya nini huku?"

Shangazi akarudi, wakapatana, gunia likapakiwa. Njia nzima ya kurudi nilikaa juu yake, na shangazi alishangaa kwamba sijamchekesha dereva.

Sikupitia nyumbani. Mama Zuhura alikuwa barazani anachambua mchele kwenye ungo, mumewe amelala ndani. Nilikaa chini mbele yake nikamweleza yote: chaki, mwandiko, mbuzi, mdomo wangu uliofunguka sokoni na kukataa kusema. Nikamweleza na barua ile, na ushuru, kwamba mfereji ulisingiziwa. Aliendelea kuchambua. Hakuinua macho hata mara moja, vidole vyake vikitoa mawe madogo moja moja na kuyatupa kando. Nilipomaliza aliuliza swali moja tu, kama Karani alikuwa anajua haya wakati mumewe anahukumiwa. Nikasema ndiyo. Akauliza kama na mimi nilikuwa najua langu. Nikasema ndiyo.

Akainuka na ungo wake, akaingia ndani, akafunga mlango.

Kwenda shule lazima nipite pale. Kila asubuhi amekaa na karai lake la vitumbua, na kila asubuhi nasimama, nainamisha kichwa, namwambia shikamoo. Anageuza vitumbua. Nasubiri kidogo, kisha naondoka. Marahaba haijatoka bado.